Liva Inakaa

Mzee Nchagwa alishuka kwenye ndege, akasimama upande wa pili wa bawa ambako nisingeweza kumwona uso, akamwambia Ryoba dereva, "Mwambie mama Brayan joto limepanda tena."

Mama Brayan ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale, karibu na pua ya ndege, na masikio yangu yako sawasawa. Hata hivyo Ryoba alizunguka bawa, akanijia ameinamisha kichwa, akasema, "Dada Mokami, mzee anasema joto limepanda tena."

"Nimesikia."

"Sasa nimjibu nini?"

"Muulize lilipanda wakati gani. Alipokuwa anapanda juu, au alipokuwa ameshanyooka?"

Ryoba akazunguka bawa tena. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunatafuta ubovu wa ndege inayobeba roho za watu, na wewe niambie kama usingekasirika.

Mzee Nchagwa ni baba wa mume wangu, Method. Alirusha ndege jeshini mpaka akastaafu, akarudi kwake Busawe kufuga. Hakukaa sana. Bosi Zablon, mwenye kambi ya mahema ya watalii huko mbele ya Morotonga, alinunua ndege ndogo ya injini moja, akamwomba mzee aje airushe. Baadaye bosi akatafuta fundi mwenye leseni, akanipata mimi, akaniajiri bila kujua kwamba mimi ni mkwe wa rubani wake. Alipojua, alicheka mpaka akafuta machozi. Hakujua anacheka nini.

Katika ukoo wao, mke wa mtoto na baba mkwe hawapeani mikono. Hawali meza moja. Mkwe hagusi anapokaa baba mkwe, na kiungo cha mwili kilicho kati ya kiuno na goti hakitajwi mbele yao hata kama ni cha ng'ombe. Nyama ikigawiwa nyumbani, paja linaitwa "ile ya nyuma". Kwetu Nkende tuna haya hizo pia, sikatai, lakini baba yangu alikuwa na gereji, na kwenye gereji watu wanapeana spana. Mimi nilidhani uwanja wa ndege utakuwa gereji. Mzee aliona uwanja wa ndege ni boma lake.

Ryoba akarudi. "Anasema wakati wa kupanda. Mshale umegusa mstari mwekundu, akaacha kupanda, ukashuka."

Nikalala chini kwenye majani, nikajisukuma mpaka tumboni mwa injini. Chini ya pua ya ndege yetu kuna flapu mbili za kupozea injini, vibati viwili vyenye bawaba, kimoja kila upande. Rubani anavifungua na kuvifunga kwa liva iliyo upande wa kulia wa kiti chake, na waya unatoka kwenye liva mpaka kwenye vibati. Ukiwa unaruka na kupanda juu, injini inatoa nguvu zake zote huku ndege haijapata kasi, kwa hiyo unavifungua ili hewa ya moto itoke. Ukishanyooka, unavifunga. Vikijifunga wakati bado unapanda, silinda zinachemka. Gari likichemka unaegesha kando ya barabara na kuomba maji kwa wenyeji. Juu ya Serengeti utaegesha wapi?

Nilivigusa vibati. Vilikuwa wazi, vyote viwili, wazi kabisa kama inavyotakiwa.

Ilikuwa hivyo kila mara. Chini flapu zinafunguka na kufungika bila kinyongo, juu injini inachemka. Nilianza na geji, kwa sababu huenda joto halikupanda, ni mshale unaodanganya. Nikabadilisha kihisio cha joto. Mzee akaruka, mshale ukagusa mwekundu. Nikafungua bawaba, nikakuta vumbi la Mugumu limeganda na grisi ya zamani, nikaziosha kwa petroli, nikaweka pini mpya. Mzee akaruka, safari hiyo mshale ukatulia, nikashukuru Mungu. Kesho yake ukagusa mwekundu tena. Nikatoa waya wote, nikaingiza mpya. Nikakagua mipira inayozuia hewa isipite pembeni ya silinda. Kila kitu kizima. Siku moja joto, siku mbili baridi, siku moja joto. Kitu kilichoharibika moja kwa moja fundi anakipenda. Kinachoharibika na kupona chenyewe ndicho kinachomtia wazimu.

Mwishowe nikabaki na liva. Liva ile inakaa kwenye meno. Ukiivuta inaingia kwenye jino na kubaki hapo mpaka uiachie mwenyewe. Kama jino limelika, upepo unaosukuma vibati ungeweza kuirudisha. Nilipanda kwa mlango wa kulia, nikajinyoosha, nikaivuta kwa mkono. Ilishika. Nikaitikisa. Ilishika. Kuyaona meno yenyewe kulitaka kutoa kiti cha rubani na kufungua kifuniko kilicho chini yake, na kiti kile mzee amekitandika ngozi ya kondoo, sijawahi kukigusa hata kwa kitambaa cha vumbi. Nikaona niulize kwanza.

"Ryoba, muulize mzee, akiwa juu, liva ya flapu inakaa pale anapoiweka?"

Ryoba akaenda. Mzee akapangusa bawa kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya kijeshi, ili nisikie bila kuambiwa, "Inakaa."

"Anasema inakaa," Ryoba akaniletea.

Rubani wa miaka yote ile akikwambia liva inakaa, unaamini. Nikaiacha liva, nikarudi tena kwenye injini, nikafungua nilivyokwisha fungua.

Bosi Zablon alikuja siku hiyo akanikuta nimepaka oili mpaka kwenye nyusi. "Mokami, unabadilisha vipuri kama mtu anayebadilisha nguo," akasema. "Hii ndege ina ugonjwa gani?"

"Sijui bado."

"Mzee anasema anaweza kuirusha hivyo hivyo. Anapanda taratibu, basi."

"Mzee anaweza kusema anachotaka. Mimi ndiye ninayesaini kwamba ni nzima, na si nzima."

Alikunja uso. Akanikumbusha kwamba kuna mafundi wengine huko Arusha, na kwamba hao hawasumbui. Nilijua mafundi anaowasema. Wanasaini ndege kwa simu. Niliumia, na kwa kuwa sikuweza kumrushia bosi spana, niliirusha kwenye boksi la vifaa mpaka Ryoba akaruka.

Jioni nilimwambia Method. Method ni mwalimu wa sekondari Mugumu, mtu mpole, mtu wa kusuluhisha wanafunzi. Nilimwambia kuna njia moja tu iliyobaki. Nipande na mzee, nikae kiti cha kulia, nione kwa macho yangu kinachotokea wakati ndege inapanda.

"Ukae na baba bega kwa bega?" akauliza.

"Viti viko viwili mbele, Method. Sikuvipanga mimi."

"Ndani ya kile kichumba? Magoti yenu yatagusana. Watu wa Busawe watasema nini?"

"Watasema marehemu Nchagwa alikuwa na adabu sana."

Nilijua nimemuumiza, na sikujali. Akasema nimvumilie baba, baba ni mtu wa zamani, hizi haya ndizo zimeshika ukoo wao. Mimi nikamwambia haya zimeshika ukoo lakini hazijashika ndege, ndege inashikwa na injini. Tukalala kila mtu amegeukia upande wake.

Asubuhi nikamtuma Ryoba akamwombe mzee nipande naye. Najua Ryoba aliisema vizuri, kwa sababu ana ulimi mzuri kuliko mimi. Mzee hakumgeukia yeye wala mimi. Alitazama juu, kama mtu anayepima mawingu, akasema, "Ndege hii ina rubani mmoja." Akapanda, akafunga mlango, akawasha injini, mimi nikiwa nimesimama nje na ovaroli yangu. Nilitukana. Nilitukana Kikurya, Kiswahili, na kile kidogo cha Kenya tulichookota utotoni mpakani Sirari. Kelele za injini zilinisitiri.

Alizunguka juu ya Mugumu, akapanda mpaka ndege ikawa nukta, akarudi. Akashuka polepole, mguu wa kulia ukimsumbua, akashika bawa kwanza ndipo akasimama wima. Nikasema moyoni, uzee huo, mtu mkaidi hivi angekuwa nyumbani anahesabu ndama.

"Mwambie mama Brayan joto halikupanda," akamwambia Ryoba. "Nimepanda kwa nguvu zote, halikupanda."

Bosi Zablon naye alikuwepo, akapiga makofi. "Imepona!"

"Haijapona," nikasema. "Sijaitengeneza kitu tangu jana. Ndege haiponi kwa maombi."

"Imepona, Mokami. Kesho inakwenda Mwanza. Kuna wageni wawili, na kiti kimoja nimempa mzee ampeleke mkewe."

Hapo ndipo damu ilinipanda kabisa. Mkewe ni Nyangi, mama mkwe wangu. Mama yule ndiye aliyenipokea nilipoolewa, wakati shangazi zake Method wakiulizana kama mwanamke anayevaa suruali na kunuka petroli anaweza kupika ugali. Yeye aliwaambia kwamba ugali hata mwanamume anaweza kuupika, ila ndege nani kati yao anaweza kuifungua. Binti yao mkubwa amejifungua Mwanza, na mzee alikuwa ameahidi atampeleka mkewe kumwona mjukuu kwa ndege. Miaka yote aliyorusha za jeshi, Nyangi hakuwahi kupanda. Alikuwa akizisikia tu zikipita na kuambiwa na majirani kwamba labda yule ni mumeo.

"Sitasaini," nikasema.

"Utasaini kesho asubuhi," bosi akajibu, "au atasaini mwingine. Chagua."

Mzee alisikia yote. Alikuwa amesimama pale pale, nyuma ya bawa lake.

Sikurudi nyumbani. Nilichukua bodaboda mpaka Busawe, jua likiwa bado juu ya mahindi, nikiwa nimeamua kumkataza Nyangi mwenyewe. Nilimkuta jikoni. Kitenge kipya kilikuwa kimetundikwa mlangoni, kimeshapigwa pasi, na viatu vimewekwa chini yake tayari kwa safari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunisindikiza? Mbona mapema?"

"Nimekuja kukuomba usiende."

Alicheka. Akasema kanisani ameshawaambia wote, na mama mchungaji amemwombea, sasa nataka aanze kuzunguka nyumba kwa nyumba akisema hakwenda tena? Nilimweleza habari ya joto. Nilimweleza flapu. Alinisikiliza vizuri, kama anavyomsikiliza kila mtu, huku akikoroga chumvi kwenye sufuria la maji ya moto.

"Lakini mzee anasema anaiweza," akasema.

"Mama, mzee anaiwezaje, wakati mimi sijui ina nini?"

"Mimi sijui mambo yenu. Najua tu kwamba hiyo ndege inanimalizia kuni." Akaonyesha sufuria kwa mwiko, kisha akaziba mdomo na kucheka kwa haya, maana alikuwa karibu kusema jambo ambalo mkwe haambiwi. Tulikuwa wanawake wawili tu jikoni, akalisema. "Kila akirudi kazini namkanda. Paja la kulia, hapa kwa nje, limevilia damu, jeusi kama chungu. Namuuliza nini, ananiambia ndege ni nyembamba, kuna chuma kinamgonga. Siku nyingine mguu unamkaza mpaka anapiga kelele kitandani. Jamani hamwezi kumtolea hicho chuma?"

Nilisimama. Nakumbuka nilisimama, kwa sababu kigoda kilianguka.

Kuna chuma kimoja tu kilicho karibu na paja la kulia la rubani. Nilikuwa nimekivuta kwa mkono wangu, nikakitikisa, nikakiulizia kwa Ryoba, nikajibiwa inakaa. Liva ilikuwa inakaa kwa sababu mzee alikuwa ameiegemezea mguu. Siku ambazo mguu ulikuwa na nguvu, vibati vilibaki wazi na injini ikapoa. Siku ambazo msuli ulimkaza, liva ikarudi, vibati vikajifunga, mshale ukaenda kwenye mwekundu. Mimi nikawa nabadilisha vihisio. Nikawa naosha bawaba. Nikawa naambiwa na bosi nabadilisha vipuri kama nguo, na yule mzee amesimama nyuma ya bawa anasikia, na mguu wake unamuuma, na ananyamaza.

"Kuna nini?" Nyangi akauliza.

Sikumwambia. Nilitaka kwanza kuona jino kwa macho yangu, maana hasira ikishanishika huwa naona hata visivyokuwepo. Nikamwambia nitamwona asubuhi, nikaondoka hata uji aliotaka kunipa sijaonja.

Kulipopambazuka nilikuwa uwanjani. Nilifungua mlango wa kushoto, mlango wa mzee. Nikaondoa ngozi ya kondoo. Nikalegeza boliti za kiti, nikakivuta na kukiweka kwenye majani, na nilitazama nyuma mara mbili, nakiri, kwa sababu hasira haimfanyi mtu asahau alivyolelewa. Kisha nikafungua kifuniko, nikamulika tochi.

Jino lilikuwa limelika upande mmoja, limekuwa mviringo. Ukilivuta kwa mkono chini, linashika. Ndege ikianza kutetemeka na upepo ukasukuma vibati, linaachia. Ni ubovu mdogo. Ni ubovu wa asubuhi moja ukiwa na kipuri, na ningekuwa nimekiagiza zamani.

Walikuja pamoja kwenye gari la Ryoba, mzee na Nyangi. Bosi Zablon akaja nyuma na wageni wake wawili. Nyangi alikuwa amevaa kile kitenge, na kilemba chake, na mkoba wenye nguo za mtoto. Mzee alishuka, akaona kiti chake kwenye majani, akasimama.

"Ryoba," akasema. "Nani ametoa kiti changu?"

"Mimi," nikasema.

Ryoba alinitazama, akamtazama mzee, hakujua amwendee nani.

"Ryoba, mwambie mama Brayan..."

"Usimwambie Ryoba!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Niambie mimi. Mimi niko hapa. Niko hapa tangu ndege hii ianze kuumwa, baba, na hujaniambia kitu cha kweli hata kimoja. Nilikuuliza liva inakaa? Ukasema inakaa. Inakaa na nini?"

Akageuzia uso barabarani.

"Inakaa na paja lako!"

Neno lile lilianguka katikati ya uwanja. Ryoba aligeuka akaenda zake nyuma ya gari, kama aliyeona mtu mzima uchi. Bosi Zablon, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshayajua mambo yetu, alifumba macho. Mimi mwenyewe nilihisi uso unawaka. Lakini nilikuwa nimeshalitoa, na sikulirudisha.

"Limevilia damu," nikaendelea. "Umekuwa ukiishikilia liva kwa mguu kila unapopanda, na msuli ukikukaza unaiachia, na injini inachemka. Leo ulitaka kuwabeba watu watatu hivyo hivyo. Njoo uone jino. Njoo ulione, liko wazi, nimekutolea kiti!"

Mzee hakuja. Mikono yake ilikuwa imenyooka ubavuni, kijeshi, na macho yake yalikuwa chini kwenye ile ngozi ya kondoo. Wageni waliuliza kitu kwa Kiingereza, bosi akawaambia kitu kifupi, wakarudi kwenye gari lao.

"Baba Method," Nyangi akasema. "Ni kweli?"

"Ningeishikilia," mzee akasema. Alimjibu mkewe, si mimi. "Ni wakati wa kupanda tu. Ukishanyooka hakuna shida. Jeshini tumerusha mbovu kuliko hii."

"Kwa nini hukumwambia Mokami?"

"Ningemwambiaje?" Hapo sauti yake ilibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika mji ule nilimsikia akiwa kama mtu anayeomba. "Ningesema inateleza, angeuliza naishikiliaje. Ndilo swali ambalo angeuliza, Nyangi. Ningemjibu nini mkwe wangu? Ningesimama hapa nimtajie nini?"

Alisema kweli. Lingekuwa swali langu la kwanza, fundi yeyote angeliuliza. Kwa sekunde moja nilimwona mzee yule kama alivyokuwa, amesimama nyuma ya bawa na jibu mdomoni, na jibu lenyewe halitamkiki. Nikaona haya. Halafu nikakumbuka mkoba wa nguo za mtoto, hasira ikarudi yote.

"Ungenitumia Ryoba aseme liva ni mbovu, badilisha, basi! Nisingeuliza!"

"Ungeuliza," akasema, akiwa bado hanitazami.

Bosi Zablon alianza kusema kitu kuhusu Arusha, sijui ni kuhusu kipuri au kuhusu fundi. Nilimwambia ndege haiendi popote, na kama anataka saini ya mtu mwingine basi huyo mtu aje akae kwenye kile kiti mwenyewe na aweke mguu wake. Nadhani bosi alikuwa ameshaona jino, maana alikuwa ameinama mlangoni, na aliposimama uso wake haukuwa wa kubishana.

Nilidhani hapo ndipo mambo yangeishia. Nilikuwa nimeshinda, na niseme ukweli, nilikuwa nasubiri kuusikia ushindi wangu. Mzee angesema amekosa, au angeondoka kwa hasira, vyovyote vile ningeridhika.

Lakini Nyangi alikuwa hajamaliza. Aliweka mkoba chini, akamsogelea mumewe mpaka wakawa uso kwa uso. Sijawahi kumsikia mama yule akipaza sauti, na hata siku ile hakuipaza.

"Mbele ya Mokami ulikuwa na haya," akasema. "Sawa. Nazijua haya hizo, nimezilea mimi katika mji wako. Lakini mimi si mkwe wako. Mimi nimelikanda hilo paja kwa mikono yangu. Nimechemsha maji, nimekuuliza, nini hiki, baba Method? Ukaniambia ndege ni nyembamba. Ukanitazama nikipiga pasi kitenge. Ukanitazama nikipanga nguo za mjukuu."

"Nyangi..."

"Kwangu ulikuwa na nini?"

Mzee Nchagwa alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, mtu aliyekuwa na jibu kwa kila ofisa, akitafuta kweli, na hakukuwa na kitu. Hakukuwa na desturi ya kujificha nyuma yake. Alikuwa amejificha tu.

Nyangi alirekebisha kilemba chake. Kisha akainama, akachukua mkoba wake, akautundika begani, akaanza kutembea kwenda barabarani. Ryoba alikimbia kuwasha gari, akapunga mkono, mama, ngoja nikupeleke. Hakungoja. Mzee akamfuata. Alikuwa anachechemea, akishika ule mguu kwa mkono mbele ya macho yetu sote, akiita, "Nyangi! Nyangi!" Na mama mkwe wangu, kitenge chake kipya kikiburuza umande, hakugeuka.